Halua ya Mgonjwa

Siku ya hitma ya arubaini ya mama, wanawake walipanda ngazi mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni, wakanishika mkono wakasema, "Pole, Rukia, Mungu amrehemu," kisha wakanipita kwenda kumkumbatia Nuru na kulia naye. Mimi niliyemwosha mama miaka mitatu, niliyejua saa za dawa zake na ubavu alioweza kulalia, nilipewa mkono. Mdogo wangu, aliyetoka Maskati kwa ndege na masanduku mawili, alipewa mabega. Siwalaumu. Nuru ana uso ambao ukiuona tu unataka kumpa kitu. Mimi ni mtu wa wivu, sifichi, na miaka arubaini na minane niliyo nayo haijaniponya. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni, nikasikia mama mmoja mtu mzima akimuuliza, "Na lile tumbo lako, mwanangu, halikusumbui tena?" Nuru akaweka mkono juu ya dera, pale pale anapouweka tangu utotoni, akajibu, "Sijambo, bibi, nala kidogo kidogo tu." Sinia ya halua ikafika mbele yake. Akatwaa sahani, akaipitisha kwangu bila kunitazama, bila kuonja. Halua ilikuwa nyeusi, inang'aa samli, na harufu ya iliki ikanipanda puani. Nikaiweka chini, nikainuka, nikajifanya naenda kutazama kahawa.

Mwaka ninaoukumbuka, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Nuru tisa. Tulikuwa wanawake wanne katika nyumba hii hii ya Mji wa Kale: bibi mzaa mama, mama, na sisi wawili. Habari za baba naziacha, hazina kazi hapa. Mama aliuza leso katika duka moja la Biashara Street, na chumba chake cha juu kilikuwa na kitanda kikubwa cha miguu ya kuchonga, chini ya dirisha linalotazama uchochoro. Kwenye kitanda kile nilikuwa nikilala mimi, upande wa ukutani, mgongo wangu kwenye mgongo wa mama, na Nuru alilala chini na bibi. Kile kilikuwa cheo, na sikujua kuwa ni cheo mpaka nilipovuliwa. Shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, kidole tumbo cha Nuru kikapasuka. Akapasuliwa, akakaa hospitali wiki tatu, kwa sababu usaha ulikuwa umekwisha kuenea tumboni. Aliporudi, mama akaniambia, "Rukia, mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Shuka ulale na bibi yako, huyu lazima niwe karibu naye." Nikabeba mto wangu nikashuka. Godoro la bibi lilikuwa la sufi, lina bonde katikati, na bibi mwenyewe alikuwa akikoroma.

Siku ya kumtoa hospitali tulikwenda sote. Muuguzi aliyemtunza aliitwa Sista Kadzo, mwanamke wa Kigiriama mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Alimshika mama mkono, akamwita Mama Nuru. Nikageuka kumtazama. Maisha yangu yote mama alikuwa Mama Rukia. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata muuza maji. "Mama Nuru," akasema Sista, "kidonda cha nje mwakiona, kitakauka. Lakini na ndani nako kuna makovu. Tumbo likishafunguliwa, matumbo yaweza kushikana, yakavutana, yakakunjika kama mpira wa maji. Huenda isitokee maisha. Lakini siku akisokotwa na tumbo, akatapika kijani, tumbo likafura, asiende choo wala asitoe upepo, usimpe kitu chochote. Usingoje. Mlete." Bibi aliposikia neno upepo alijifunika mdomo kwa upindo wa buibui. Kwetu mtu akitokwa na upepo mbele za watu, heri ahame mtaa. Nuru alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, na macho yake yalikuwa kwa Sista. Alisikiliza kila neno. Mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye lile la Mama Nuru.

Basi nyumba ikawa ya mgonjwa. Asubuhi uji wa mchele wenye tui zito, wa Nuru. Adhuhuri supu ya kuku wa kienyeji aliyenunuliwa Marikiti na kuchinjwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi nilipata shingo. Mayai ya Nuru, ndizi za kukaanga za Nuru, mto wa pili wa Nuru. Alasiri majirani walikuja ukumbini, nami nikawa mpeleka kahawa. Nilisikia mazungumzo yale yale kila siku: mtoto alivyokuwa ameshakatiwa tamaa, mama alivyokesha, mtoto alivyokuwa na subira. "Hebu tuone, mwanangu," mmoja wao alikuwa akisema, na Nuru akapandisha dera, na kovu likaonekana, limeshuka kutoka juu ya kitovu, jekundu, na alama za nyuzi pande mbili kama njia ya reli. "Masha Allah, mtoto ana subira huyu." Subira gani, na alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi? Siku moja mama alileta leso mpya kutoka dukani ya kumfunika Nuru miguu, na jina lililoandikwa kwenye leso lilikuwa *Hasidi hana sababu*. Nililisoma nikaona nimesemwa mimi. Nikajiambia kwamba mimi ninazo sababu, tena nyingi.

Nitasema na hili, ingawa mpaka leo linanitia haya. Kulikuwa na harusi nyumba ya pili, bibi akawapaka watu hina, na kibakuli kikabaki na hina kidogo. Nikaingia nacho chooni na njiti ya kiberiti. Nikajichora kovu, kutoka juu ya kitovu hadi chini, na vijistari pande mbili, nikasimama nimeegemea ukuta hadi ikakauka. Lilitoka zuri, zuri kuliko la Nuru, limenyooka. Wiki mbili nilikuwa nalo chini ya sare ya shule. Nilingoja mama aseme, njoo nikusugue mgongo, kama alivyokuwa akisema zamani. Hakusema. Likafifia, likawa la njano, likatoka, na hakuna mtu aliyeliona.

Miezi ikaenda. Nuru akarudi shule, akawa anacheza, lakini mara mbili alishikwa na tumbo, akajikunja, na mara zote mbili likaachia lenyewe kabla hajapelekwa popote. Mara zote mbili mama alitoka dukani mbio, kiatu kimoja kinamvuka. Mimi nikayasoma hayo kwa macho yangu ya kijicho: huyu yuwadeka. Amejua kwamba akishika tumbo, mama anakuja. Nilimwonea gere hata maumivu. Nilijaribu mimi, siku moja, nikasema kichwa chaniuma, na bibi akaniambia nikaoshe vyombo, kitapoa.

Ile harusi ya jirani ilifuatiwa na nyingine, ya mjukuu wa rafiki ya bibi, na siku ya Alhamisi likaletwa furushi la halua, limefungwa karatasi ya mafuta na uzi. Bibi aliliweka juu ya kabati lake. "Hii ya mgonjwa," akasema. "Apewe kidogo kidogo, apate nguvu." Mgonjwa. Miezi minane ilikuwa imepita, na asubuhi ile nilikuwa nimemwona mgonjwa akiruka kamba. Ijumaa shule zilikuwa zimefungwa. Bibi alikwenda kwa jirani, Nuru alikuwa juu, mama yuko kazini. Nilipanda kiti, nikafungua uzi, nikasema nitakata kipande kimoja tu. Halua ni kitu kibaya, kila kipande hualika chenzake. Nilikula kwa vidole, nimesimama juu ya kile kiti, kichwa changu kimekaribia boriti, na nilipofika nusu niliona hakuna tena namna ya kuficha, basi nikamaliza. Nikairamba karatasi. Nikaikunja, nikaifunga uzi wake, nikairudisha mahali pake ikiwa tupu.

Mama alirudi duka lilipofungwa kwa sala ya Ijumaa, akamkuta Nuru amejikunja kitandani. Tumbo lilikuwa limemshika tangu asubuhi, linakuja na kuachia, linakuja na kuachia, na alikuwa ametapika uji. Bibi akashuka kutwaa mafuta ya kumkanda, akaona karatasi juu ya kabati imelegea. Akaivuta. Akapanda nayo ghorofani, akaitingisha mbele yetu. "Nani kala halua?"

Kabla mtu hajavuta pumzi nikasema, "Nuru."

Mama akanigeukia. "Umemwona?"

"Nimemwona, mama. Kaila yote."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa Nuru kukana. Nilikuwa na majibu yangu tayari, na kiapo cha uongo nilikuwa nimekiweka ulimini. Nuru alinitazama muda, uso wake umepauka, jasho juu ya mdomo. Kisha akamtazama mama. "Ndiyo," akasema. "Nimekula mimi."

Nilishindwa hata kufurahi. Bibi alipiga makofi ya masikitiko akasema, "Basi si maradhi haya, ni ulafi. Halua nzima juu ya tumbo tupu. Itakuwa imemchemsha mchango." Mchango kwetu ni ile shida ya tumbo inayosingiziwa kila kitu, na dawa yake bibi alikuwa nayo siku zote: majani ya sanamaki, yachemshwe, anywe, aende choo, yaishe. Mama alisimama mlangoni hajavua buibui. Alisema polepole, "Na kama ni lile alilotuambia Sista?"

"Lile ni la kovu," bibi akasema. "Hili ni la halua. Mtoto mwenyewe kakiri."

Nimeyarudia maneno hayo miaka thelathini na mitano. Onyo la Sista lilikuwa limefika mpaka mlangoni, likasimama pale na mama, na uongo wangu ndio uliolifungia nje. Nuru akanyweshwa sanamaki kwa kikombe cha bati, akayatapika, akanyweshwa tena. Alasiri nilipopata nafasi ya kuwa naye peke yangu nilimnong'oneza, "Mbona umesema ndiyo?" Akanigeuzia mgongo. Nikamwambia moyoni, deka, utachoka. Kutwa nzima nilijishikilia kwenye neno hilo. Hakwenda choo, na sanamaki humwendesha hata ng'ombe.

Jumamosi asubuhi niliingia jikoni nikamkuta mama amechutama, anafua ile leso ya *Hasidi hana sababu* kwenye karai. Nuru alikuwa ameitapikia. Maji ya karai yalikuwa ya kijani, kijani cha mchicha uliochemshwa. Juu ghorofani nilimsikia Nuru akiugua, si kilio cha mtu anayetaka kusikiwa, ni sauti ya chini tu, ya peke yake. Nilikuwa nimepanda kumtazama kabla ya kuingia jikoni. Tumbo lake lilikuwa limevimba, ngozi imevutika, na lile kovu limenyooshwa likawa jembamba. Siku ile nilijua kwamba hakuna mtu anayeweza kudeka namna hii.

"Mama," nikasema, "halua hakula Nuru."

"Nini?"

"Nilikula mimi. Yote."

Mama akaacha kufua. Nilingoja kofi, na wallahi nililitaka lije. Aliniangalia kana kwamba anafanya hesabu ngumu, kisha akasema, si kwangu, akiutazama ukuta, "Basi huyu mtoto hajala kitu." Akasimama, mikono inachuruzika maji ya kijani, na alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Nilitumwa nikaite teksi Makadara. Nilikimbia pekupeku.

Daktari alikuwa kijana, na alimminya Nuru tumbo kwa vidole vitatu tu. Aliuliza ametapika rangi gani, amekwenda choo lini, ametoa upepo lini. Akamweleza mama pale pale koridoni: kamba ya kovu iliyobaki ndani baada ya upasuaji wa kwanza imeukaba utumbo, na kilichoko juu hakiwezi kushuka. Nuru akapitishiwa mpira puani mpaka tumboni, ukatoa kijani kingi chupa nzima, akatundikiwa maji, akakatazwa hata tone la maji kinywani. Lakini tumbo halikulegea, na alasiri wakamrudisha chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi, bibi na tasbihi yake, mama katikati, mimi mwisho. Mama hakuwa amemwambia bibi lolote. Daktari alipotoka alisema wameikata ile kamba, lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, kiasi cha urefu wa kiganja, wamekitoa na kuunga. "Mngemleta jana," akasema, "huenda mpira peke yake ungetosha." Akanyoosha kiganja chake kuonyesha. Mama hakunitazama. Laiti angenitazama. Alitazama kile kiganja, akasema, "Ahsante, daktari."

Siku zilizofuata tulikuwa tukingoja kitu kimoja. Kila alipokuja Sista Kadzo aliuliza, "Upepo?" na mama akatikisa kichwa, na Nuru asipewe hata maji. Mpaka utumbo utoe upepo, alisema Sista, hatutajua kama uko hai. Siku ya nne, saa ya kutazama wagonjwa, mama alikuwa amekwenda kusali, na bibi amesimama mlangoni mwa wodi na wanawake watatu wa heshima zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Nuru alinitazama kwa macho makubwa, akajifunika shuka usoni, na chini ya shuka nikasikia. Ulikuwa mdogo, lakini nilisikia. Niliruka nikakimbia kupita katikati ya wale wanawake, nikipiga kelele mpaka mwisho wa koridoni, "Sista, Nuru kajamba." Nilingoja bibi anizabe. Bibi alinyanyua mikono miwili mbele ya watu wake akasema, "Alhamdulillahi rabbil alamin," na mmoja wao akapiga kigelegele. Nami nililia, na hata katikati ya kulia, ile roho yangu mbaya ikaniambia, tazama, huyu hata akijamba hupigiwa vigelegele.

Mama hakusema kamwe. Si kwa bibi, si kwa majirani, si kwangu. Bibi alikufa akiamini ilikuwa halua, na mtaani kwetu watoto waliofanyiwa upasuaji walikatazwa halua miaka mingi kwa ajili yetu. Nilirudishwa kwenye kitanda kikubwa; tukalala watatu, Nuru katikati. Nilipokuwa mtu mzima nilidhani siku moja mama atanikalisha chini. Miaka mitatu ya mwisho, nikimgeuza ubavu, nikimkata kucha, nilisema moyoni, leo, labda leo. Alikuwa akiniuliza, "Nuru kapiga simu?" Nilikuwa nikimjibu, "Kapiga, mama, akusalimu," hata siku ambazo Nuru hakupiga.

Baada ya hitma watu waliondoka, nikabaki jikoni na Nuru, mimi naosha, yeye anafuta. Sahani ya halua ilikuwa imebaki juu ya meza, ina kipande kimoja. Nilikuwa nimechoka, na uchovu hulegeza ulimi. Nikamuuliza, bila kugeuka, "Siku ile mbona ulisema ndiyo?"

Hakuuliza siku ipi. Alifuta kikombe, akakiweka, akatwaa kingine. "Niliogopa kupasuliwa tena," akasema. "Nilimsikia Sista. Kusokotwa, kijani, tumbo kufura, mlete. Nilijua ndilo. Wewe uliposema halua, nilifurahi, da Rukia. Mtu hapasuliwi kwa halua."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, sikuyafunga. Miaka yote hiyo nilikuwa na dhambi yangu, mbaya, lakini yangu peke yangu, kitu kimoja katika nyumba ile ambacho Nuru hakupewa fungu. Kumbe tulikuwa wawili. Na uongo wake ulikuwa wa mtoto aliyeogopa kisu, na wangu ulikuwa wa tumbo na gere. Nikamwonea wivu hata hapo. Nikasema, "Mimi nilikula."

"Najua ulikula. Ulikuwa na samli mpaka kwenye nyusi."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikausha mikono, akakichukua kile kipande cha halua juu ya sahani, akakitia mdomoni chote. Alitafuna polepole, mkono mmoja juu ya tumbo, akinikazia macho, mpaka akakimeza.

"Haya," akasema. "Sasa nimekula kweli. Nenda kanisemee kwa mama."

Nami, na sahani ya povu mkononi, niligeuka kuelekea ngazi ya chumba cha mama.